Mtoto wa miaka 10 hana makato ya pembeni ya juu wala premola moja ya chini: tufunge nafasi au tuitunze?

Tabibu_Wilayani

Wakuu, habarini za kazi. Naomba mawazo kuhusu mtoto wa kike mwenye miaka 10. Eksirei ya taya nzima haionyeshi mbegu za makato (meno ya mbele ya kukatia) mawili ya pembeni ya juu, 12 na 22; tarakimu ya kwanza ni robo ya kinywa, ya pili ni jino kuhesabu kutoka katikati. Chini kushoto hakuna premola (gego dogo) ya pili, yaani 35. Magego ya hekima siyahesabu, ni mapema mno.

Jino la utotoni 75, lililokaa mahali pa 35, lipo na halijatoboka. Mizizi yake imeliwa kidogo kwenye ncha tu, ila uso wake umeshuka chini ya majirani zake kama milimita 1. Makato ya pembeni ya utotoni, 52 na 62, yameanza kulegea. Chonge za juu bado hazijatoka. Kwenye picha zinashuka zikielekea mbele, karibu na mizizi ya makato ya kati. Katikati ya makato ya kati, 11 na 21, kuna mwanya wa milimita 3. Magego ya kwanza yamekaa Daraja la Kwanza (ya juu na ya chini yanakutana inavyotakiwa) pande zote mbili, makato ya juu yametangulia ya chini kwa milimita 3, na chini mbele kuna mbanano wa milimita 2 hivi. Uso wa pembeni umenyooka. Enameli ina madoa ya floridi, kahawia ya kiasi, maana maji ya huku ndivyo yalivyo.

Mama mtu anataka 75 ling'olewe kwa sababu "halina mrithi". Bingwa wa kupanga meno yuko mbali, rufaa inaweza kuchukua muda. Nifanye nini sasa, na nisifanye nini? Na mwisho wa safari mngefunga nafasi za juu au mngezitunza kwa ajili ya meno bandia?

---

Mpanga_Meno

Dokta, ahsante kwa kuleta vipimo kamili. La kwanza: 75 lisiguswe mpaka mpango wa kinywa kizima uwe umeandikwa. Jino la utotoni lisilo na mrithi ndilo linaloshikilia mfupa wa pale. Likitoka bila mpango, ukingo wa taya unasinyaa kwa upana, gego la kwanza, 36, linalala mbele, premola ya kwanza inarudi nyuma, na mstari wa kati wa chini unahamia kushoto. Atakayempokea baadaye atarithi matatizo manne badala ya moja.

Tazama sasa hesabu ya mtoto huyu upande kwa upande. Kushoto amepungukiwa jino moja juu na moja chini. Kulia amepungukiwa juu peke yake. Ukiamua kufunga kila nafasi, kushoto magego yataishia Daraja la Kwanza au karibu nalo, kwa kuwa ya juu na ya chini yote yatakuwa yamesogea mbele. Kulia gego la juu litasogea peke yake, kwa hiyo utamaliza na Daraja la Pili kamili (gego la juu limetangulia la chini kwa upana wa premola moja) upande huo. Hilo halina ubaya, gego linatafuna vizuri tu likiwa Daraja la Pili kamili. Tabu ni pale linapoachwa nusu njia, kilele juu ya kilele. Ukifunga juu na kuliacha 75 chini, kushoto nako kutaishia Daraja la Pili, tena kwa ziada, kwa sababu 75 lina upana wa karibu milimita 10 ilhali premola ya pili ya kawaida ina 7 na kidogo. Ziada hiyo ya milimita mbili na nusu au tatu lazima iondolewe kwa kulichonga 75 ubavuni, la sivyo meno ya nyuma hayatabana.

Hatari kubwa ya kufunga nafasi za juu kwa mtoto mwenye Daraja la Kwanza na uso ulionyooka ni kurudi nyuma kwa makato. Ukiweka cheni ya mpira kutoka gego hadi gego na kungoja, makato ya kati yatarudi nyuma kabla magego hayajaja mbele. Ule utangulizi wa milimita 3 utapotea, meno yatagongana ncha kwa ncha, na mdomo wa juu utabonyea. Nafasi ifungwe kwa kuvuta magego mbele, na hapo unahitaji nanga isiyotegemea meno: skrubu ndogo mbili kwenye kaakaa la mbele, nyuma ya mikunjo ya kaakaa, kipenyo milimita 2 hivi na urefu 8 au 9, zikiunganishwa na mtambo wa kusukuma au kuvuta magego. Kaakaa hupokea skrubu vizuri kuliko mfupa wa kati ya mizizi, ambao kwa mtoto bado ni laini na skrubu hulegea. Hata hivyo kazi hiyo ni ya miaka 12 au 13, chonge na premola zikishatoka. Si ya leo.

Ya leo ni nyepesi zaidi. Ng'oa 52 na 62 zikilegea, kisha uangalie chonge za utotoni, 53 na 63. Kama picha inaonyesha chonge zinaelekea mbele, kutoa 53 na 63 mapema kidogo huziachia njia zitoke pale pale ambapo makato ya pembeni yangekuwa. Uzuri wa hatua hii ni kwamba inasaidia mipango yote miwili. Ukifunga, chonge zimeshafika. Ukiamua kufungua, chonge iliyotoka mbele na baadaye ikarudishwa nyuma huacha mfupa mpana inapopita, na mfupa huo ndio utakaobeba jino bandia. Chonge ikitokea nyuma tangu mwanzo, pale mbele unabaki na ukingo mwembamba kama kisu.

Mwanya wa katikati usiufunge sasa. Chonge zikiwa juu zinasukuma mizizi ya makato. Ukikaza makato kwa waya wakati huo unaweza kuusogeza mzizi wa kato uende kugongana na kichwa cha chonge, na mzizi ukaliwa.

---

Daktari_wa_Watoto

Niongezee kuhusu 75, maana hapo ndipo wazazi wengi wanatubana.

Kwanza ujue kama limeganda kwenye mfupa. Gonga kwa mpini wa kioo cha meno: lililoganda hutoa mlio mkavu wa juu, lenye afya hutoa mlio mzito. Lishike ulitikise, lililoganda halichezi hata kidogo. Kisha pima kwa kipimo cha fizi kutoka kwenye kilele cha jirani hadi kwenye uso wa 75, uandike kwenye faili, urudie kila baada ya miezi 6. Kipimo kimoja hakikuambii kitu. Unachotafuta ni mwendo. Milimita 1 isiyobadilika kwa mwaka mzima ni jambo la kungoja. Milimita 1 iliyogeuka 2 na sasa inaelekea 3, huku 36 likianza kuinama juu yake, ni jambo la kuamua haraka, kwa sababu mtoto anakua na mfupa wa majirani unapanda naye wakati wa 75 umebaki chini. Kila mwezi unaosubiri unachimba shimo refu zaidi.

Likitulia, lihifadhi. Mpaka mtu akifikisha miaka 20 na jino hilo halijashuka wala mizizi haijaliwa zaidi, mara nyingi hudumu miaka mingi mbele. Ongeza kompositi (kijazio cha rangi ya jino) juu lifikie kimo cha majirani, ili 36 lisilale na jino la juu lisishuke. Ukilichonga ubavuni, usizidi milimita 1 hivi kila upande, upige eksirei ndogo ya kuuma kwanza uone pembe za moyo wa jino (sehemu laini ya ndani yenye neva) ziko wapi. Baada ya kuchonga paka floridi, kwa sababu enameli ya jino la utotoni ni nyembamba. Kuna kizuizi ambacho watu hukisahau: mizizi ya gego la utotoni imetanuka kuliko kichwa chake. Hata ukikipunguza kichwa kifikie milimita 7.5, mizizi inaweza kukataa jirani asogee.

Mpango ukisema nafasi ya chini ifungwe, wakati mzuri wa kung'oa 75 ni miaka 8 hadi 9, kabla mzizi wa 36 haujakomaa na kabla gego la pili, 37, halijakaza kutoka nyuma. Kwa umri huo gego husogea lenyewe likiwa limesimama, na sehemu kubwa ya nafasi hujifunga ndani ya miaka michache, ukabakiwa na milimita moja au mbili za kumalizia kwa waya. Kwa miaka 10 bado hujachelewa sana, ila utegemee gego kuinama zaidi. Baada ya 11 usitegemee kujifunga kwenyewe. Na kwa kuwa hapa ni upande mmoja tu, mstari wa kati utahama usipoushika, kwa hiyo ulikate 75 katikati: utoe nusu ya nyuma pamoja na mzizi wake, nusu ya mbele utibu moyo wake na kuiacha ishikilie premola ya kwanza wakati gego linakuja. Gego likishafika, nusu iliyobaki nayo inatoka.

Kama limeganda na mpango ni kulitunza eneo kwa ajili ya pandikizo (jino bandia linalopandwa kwenye mfupa) ukubwani, usiling'oe kwa nguvu. Utavunja ukuta wa mfupa upande wa shavu, ambao ndio unaouhitaji. Kata kichwa, usage mzizi mpaka chini kidogo ya ukingo wa mfupa, ufunike kwa fizi. Mzizi utageuka mfupa polepole na ukingo utabaki na upana wake.

---

Hesabu_ya_Meno

Kabla hamjaendelea, naomba tuthibitishe kwamba meno haya kweli hayakuumbwa. Katika nchi zetu swali hili halirukwi.

Upungufu wa kuzaliwa una mpangilio wake. Mara nyingi linalokosekana ni jino la mwisho la kundi lake: kato la pili, premola ya pili, gego la tatu. Kesi ya Dokta inafuata mpangilio huo, kwa hiyo mimi naiamini. Lakini mtoto akija hana chonge za chini huku makato na premola zote zipo, uliza kuhusu "meno ya nailoni" au "meno ya plastiki". Bado kuna watoto wachanga wanaotobolewa fizi wakiwa na homa au kuhara, na mbegu za chonge za utotoni kung'olewa kwa kisu au spoku ya baiskeli. Chombo kikiingia ndani zaidi, mbegu ya chonge ya kudumu nayo huharibika: inatoka na kichwa kilichopinda, inakwama, au haitoki kabisa. Vilevile kuna jamii za wafugaji zinazong'oa makato mawili ya kati ya chini kwa mila. Historia hizo hubadilisha mpango, kwani mfupa wa pale umejeruhiwa, na wadogo zake mtoto huenda wako kwenye hatari ile ile.

Kuhusu umri wa picha: usitangaze kwamba premola ya pili haipo mtoto akiwa na miaka 5 au 6. Mbegu yake huchelewa kuweka madini, na wapo wanaoionyesha wakikaribia miaka 9. Hapa mtoto ana 10 na upande wa pili mbegu inaonekana, basi hoja imeisha. Dalili ya mapema ambayo haihitaji mashine ni tofauti ya pande: jino la kulia limetoka, la kushoto limepita miezi 6 halijaonekana, piga picha.

Ukikuta yanayokosekana yamefika 6 au zaidi, bila kuhesabu magego ya hekima, usiishie kinywani. Uliza kama mtoto anatoka jasho, tazama nywele, nyusi na kucha. Meno machache yenye ncha kama msumari, nywele nyembamba na ngozi kavu vinaashiria tatizo la ngozi na viungo vyake la kurithi, na mtoto asiyetoka jasho anaweza kuzidiwa na joto shuleni kwenye mbio za mchana. Mwalimu na mzazi waambiwe: kivuli, maji ya kunywa, kitambaa chenye maji. Watoto hao hawangoji miaka 10. Meno bandia ya kuvaa na kuvua huanza wakiwa na miaka 3 au 4, na hubadilishwa kadiri taya linavyokua.

Tena, wakague ndugu zake. Uwe na tabia ya kupapasa fizi juu ya chonge kuanzia miaka 9, kwa sababu kato la pembeni lisipokuwepo au likiwa dogo kama kigingi, chonge hukosa mzizi wa kuiongoza na inaweza kupotelea kwenye kaakaa.

---

Meno_Bandia_na_Madaraja

Naheshimu maelezo ya Mpanga, lakini kwa Daraja la Kwanza, uso ulionyooka na mbanano mdogo, mimi ningeelekea kufungua nafasi juu. Kufunga kutakuwa vita ya miaka miwili kuzuia makato yasirudi nyuma, na mwisho chonge itakaa mahali pa kato. Chonge ina rangi ya manjano zaidi, ni nene, na fizi yake iko juu. Mtoto akicheka na fizi ikaonekana, kila mtu ataliona hilo.

Kufungua nako kuna masharti yake. Nafasi ya kato la pembeni ni milimita 6 na nusu hivi. Pandikizo la milimita 3.5 linataka milimita 1.5 za mfupa kila upande, kwa hiyo 6.5 ndiyo chini kabisa. Lile jembamba la milimita 3 litaingia kwenye 6. Msipime kati ya vichwa peke yake. Mara nyingi nafasi kwenye vichwa inatosha, kumbe mizizi ya kato la kati na chonge imekutana huko juu. Piga picha kabla ya kutoa braketi (vibati vya kupangia meno), na mizizi isipokuwa sambamba zisitoke.

Pandikizo lisiwekwe kwa mtoto. Halipandi na mfupa kama jino. Linabaki pale lilipowekwa huku majirani wakishuka, na baada ya miaka michache utaliona fupi, limezama. Msichana angalau afike 17 au 18, mvulana 20 au 21, tena uthibitishe kwa eksirei mbili za kichwa upande, zikipishana miezi 6 hadi 12, zikiwa hazina tofauti ya urefu wa uso. Kwa miaka ya katikati weka daraja la bawa moja: jino bandia linaloshikwa nyuma ya chonge au kato la kati kwa gundi ya rezini. Bawa moja linadumu kuliko mawili. Yakiwa mawili, meno mawili hutikisika kwa mwendo tofauti, upande mmoja hubanduka bila mtu kujua, na jino linaoza chini ya bawa.

---

Tabibu_Wilayani

Nawashukuru sana. Nimeelewa 75 linabaki, napima kila miezi 6, na 52 na 62 nitashughulikia. Maswali mawili: madoa ya floridi yatasumbua gundi ya braketi na hilo bawa? Na mama akiuliza kwa nini msitoe uamuzi wa mwisho leo, nimwambie nini?

---

Mpanga_Meno

Yatasumbua, ndiyo. Enameli yenye floridi nyingi inakataa asidi. Tindikali ya fosforasi ya asilimia 37 ikikaa sekunde 30 za kawaida inaweza isiikwangue vya kutosha. Sugua kwanza kwa unga wa pumisi usio na mafuta, uache asidi sekunde 60 hadi 90, uoshe vizuri, ukaushe, uangalie weupe wa chaki. Sehemu ikibaki inang'aa, rudia. Pale uso ulipomeguka na kuwa na vishimo, ondoa tabaka la juu kidogo sana kabla ya gundi. Waambie wazazi mapema kwamba braketi zitabanduka zaidi ya kawaida. Wakati wa kutoa, usipindishe braketi kwa nguvu, kwani enameli hiyo humeguka. Kwa bawa la daraja ndiyo maana namtaka Meno_Bandia alione jino kwanza, asiahidi kwa picha.

Namjibu na yeye. Hoja yake ya chonge ni ya kweli, lakini ina dawa. Chonge inapokuja mbele, ipe braketi yake iliyogeuzwa juu chini, ili mzizi uende upande wa kaakaa na fizi isivimbe kama mgongo. Ishushe kidogo ili fizi yake ikae chini ya ile ya kato la kati, kisha usage ncha. Premola ya kwanza, itakayokaa mahali pa chonge, izungushe kidogo, ipandishe fizi yake iwe juu, urefu uongezwe kwa kompositi, na kilele chake cha ndani kisagwe kidogo kidogo ili kisigonge meno ya chini. Rangi hurekebishwa kwa dawa ya kung'arisha ukubwani. Kwa mtoto wa floridi, chonge ya kahawia na kato la kahawia hulingana kuliko porseleni nyeupe katikati yake. Na kwa familia iliyo mbali na bingwa, meno yake mwenyewe hayabanduki Jumamosi usiku.

Mama mwambie hivi: uamuzi unangoja chonge. Wakati zinashuka, mtoto arudi kila miezi 6 kwa kipimo cha 75 na kupapaswa fizi. Picha nyingine ya taya nzima ipigwe akifika miaka 11 na nusu. Chonge zikitoka zenyewe mpaka kugusa makato ya kati, zikiwa nyembamba na rangi haijapishana mno, tutafunga. Zikitoka nyuma, au zikiwa kubwa kuliko makato yenyewe, tutafungua, lakini tutaanza akiwa na 13 au zaidi, kwa sababu nafasi iliyofunguliwa mapema na kukaa miaka mingi bila mzizi ndani yake hupoteza upana wa mfupa.

Njia yoyote ile, baada ya braketi kutoka atakuwa na waya mwembamba wa kusokotwa nyuma ya meno ya mbele, pamoja na plastiki ya kuvaa usiku. Kwa nafasi zilizofunguliwa, plastiki peke yake haitoshi: inashika vichwa, lakini mizizi inaweza kurudiana huko juu polepole, na siku ya pandikizo mkute hakuna pa kulipitisha. Daraja la bawa lenyewe haliizuii mizizi hiyo, kwa hiyo piga picha moja ya eneo kila mwaka mpaka umri wa pandikizo ufike.

Dokta, kwenye barua ya rufaa weka nakala ya picha, vipimo vya 75 na tarehe zake, na upana wa makato 11 na 21 pamoja na chonge za chini kwa milimita. Chukua na modeli ya plasta kama una uwezo wa kuitoa huko.